Kiporo Kilichoishusha Partick Thistle

Mpira wa Uskoti ulisimama Machi 13, 2020, na wengi wanaoukumbuka msimu ule wanaanza na Celtic na Rangers. Mimi naona habari yenyewe iko chini yao, kwenye Championship, ligi ya daraja la pili yenye timu 10. Partick Thistle ya Glasgow ilikuwa mkiani, pointi 2 nyuma ya Queen of the South, lakini ilikuwa na kiporo, yaani mechi moja ambayo wenzao walikuwa wameshaicheza. Ilibakiwa na mechi 9. Katikati ya Aprili ikatangaziwa kwamba imeshuka daraja, na hakuna aliyekuwa amegusa mpira tangu ligi isimame.

Hesabu iliyotumika ni wastani wa pointi kwa mechi. Partick walikuwa na pointi 26 katika mechi 27; Queen of the South pointi 28 katika mechi 28. Gawanya, utapata 0.96 dhidi ya 1.00. Kama Partick wangekicheza kile kiporo na kushinda, wangekuwa na 29 kwa 28 na wangewapita wenzao. Kwa hesabu wastani ni njia ya haki kuliko kuchukua msimamo ulivyo, kwa kuwa hauiadhibu timu kwa kucheza mechi chache. Tatizo ni tofauti ndogo kiasi hicho kuamua jambo kubwa kiasi hicho, huku robo ya ligi haijachezwa.

Lakini wakuu wa ligi, SPFL, hawakuwa wendawazimu. Kuanzia Machi 23 Waingereza na Waskoti walifungiwa majumbani. Hakukuwa na vipimo vya kutosha hata kwa wauguzi, sembuse kwa mabeki wa kulia. Vilabu vya madaraja ya chini vina wachezaji ambao mchana ni mafundi umeme au walimu, na vinaishi kwa viingilio vya mlangoni kuliko kwa fedha za televisheni. Kwa klabu ya namna hiyo, kucheza bila mashabiki ni kulipa gharama zote za mechi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mikataba ya wachezaji nayo ilikuwa inakaribia kuisha. Ujerumani waliorudi uwanjani Mei 16 walikuwa na fedha za kupima kila mtu. Usiwaweke mizani moja na Stranraer, klabu ndogo ya Uskoti.

Kwa hiyo kufunga msimu, mimi nakubali. Ninachopinga ni jinsi ulivyofungwa.

Bodi ya SPFL ilipeleka kwa vilabu azimio moja, ikitaka majibu kufikia Ijumaa, Aprili 10. Ndani ya azimio hilo kulikuwa na kila kitu: kusitisha madaraja matatu ya chini, kutoa ubingwa, kupandisha, kushusha, na kuipa bodi mamlaka ya kuifunga Ligi Kuu baadaye. Juu ya yote hayo, bodi ilieleza kuwa fedha za mwisho wa msimu zisingeweza kugawanywa mpaka msimu utangazwe kwisha. Rangers walipendekeza fedha hizo zitolewe kabla; SPFL ikasema pendekezo lao halikidhi kanuni.

Jiweke katika nafasi ya mwenyekiti wa klabu ndogo ambayo haijafungua geti tangu Machi. Unaambiwa uchague: kura ya ndiyo inakuletea mgawo wako, kura ya hapana inakuacha ukisubiri. Je, utapiga kura kuhusu haki ya Partick Thistle, au kuhusu mishahara yako? Watetezi wa SPFL husema hakuna aliyelazimishwa, na kwamba zaidi ya robo tatu ya vilabu viliunga mkono. Ni kweli. Lakini wingi wa kura zilizopigwa na watu wenye njaa hautuambii mengi kuhusu uzuri wa jambo lenyewe. Na tusisahau, serikali ya Uingereza wakati huo ilikuwa tayari imeahidi kulipa asilimia 80 ya mishahara ya wafanyakazi waliosimamishwa kazi, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Hali ilikuwa mbaya, ila ile haraka ya Ijumaa moja sijawahi kuielewa.

Kisha ikaja sinema ya Dundee, klabu nyingine ya Championship. Daraja la pili lilihitaji kura 8 kati ya 10. Zilikuwa zimefika 7 za ndiyo na 2 za hapana. Dundee walikuwa wametuma kura ya hapana, SPFL ikasema haikuiona kwa wakati, na baadaye Dundee wakaomba isihesabiwe. Aprili 15 wakapiga ndiyo. Hatima ya klabu nyingine nzima ikategemea barua pepe moja na siku tano za maongezi. Rangers walitaka uchunguzi huru. Mei 12 vilabu 27 vikakataa, 13 vikaunga mkono, 2 havikuegemea upande.

Waliopanda nao wana haki zao, na hapa upande wa walalamikaji unalegea. Dundee United, ambao si ile Dundee ya kura, walikuwa wanaongoza Championship kwa pointi 14. Hao huwezi kuwaambia warudi wakaanze upya, hasa baada ya miaka minne ya kuhangaika katika daraja hilo na kupoteza fainali mbili za mchujo, yaani mechi za ziada za kuamua nani apande au ashuke. Hearts, walioshushwa kutoka mkiani mwa Ligi Kuu ilipofungwa nayo, na Partick walipokwenda mahakamani walitaka hata kupandishwa kwa United, Raith Rovers na Cove Rangers kufutwe, la sivyo walipwe jumla ya pauni milioni 10. Vilabu hivyo vitatu vikalazimika kutafuta mawakili kutetea kitu ambacho havikukiiba. Mahakama ikaupeleka mgogoro kwenye usuluhishi, na mwishoni mwa Julai jopo likawakatalia walalamikaji.

Hearts, kwa maoni yangu, hawakustahili machozi mengi. Walikuwa wameshinda mechi 4 tu kati ya 30. Hata hivyo mechi 8 zilibaki na tofauti na timu iliyokuwa juu yao ilikuwa pointi 4. Timu zimewahi kuponea kwenye mashimo marefu kuliko hilo.

Kinachonikera zaidi ni mchujo. Ulifutwa wote. Inverness waliokuwa wa pili kwenye Championship wakakosa nafasi ya kuwania Ligi Kuu. Falkirk, waliokuwa nyuma ya Raith kwa pointi 1 tu katika daraja la tatu, wakabaki walipo. Huko chini kabisa, Brechin City walikuwa wa mwisho kwenye daraja la nne, yaani wa mwisho kati ya timu zote 42, na wakasalimika, kwa sababu kushuka kwao kulitegemea mchujo ambao Brora Rangers na Kelty Hearts, mabingwa wa ligi za chini ya daraja la nne, hawakuruhusiwa kuucheza. Kikanuni hoja inasimama: Partick walikuwa katika nafasi ya kushuka moja kwa moja, Brechin hawakuwa. Ila mwambie shabiki wa Partick kwamba janga lile lile limemwokoa wa 42 na kumzamisha wake, uone kama atakuelewa.

Dawa ilikuwapo. Ligi Kuu ya timu 14 na madaraja mengine ya timu 10 ingewapandisha waliostahili bila kumshusha mtu. Vilabu viliikataa mwezi Juni, kila kimoja kikitazama mgao wake.

Huku kwetu njia ziligawanyika pia. Kenya walifunga msimu, Gor Mahia wakapewa ubingwa, na Nairobi City Stars na Bidco United wakapanda kutoka daraja la pili. Tanzania walirudi uwanjani Juni na Simba wakaumaliza msimu kama mabingwa.

Kuna wanaosema mwishowe mambo yalijisawazisha. Hearts walimchukua Robbie Neilson, kocha yule yule aliyeipandisha Dundee United, wakatwaa Championship 2021 na kurudi. Partick walishinda daraja la tatu msimu huo huo. Brechin walifungwa na Kelty na kutoka kwenye ligi. Orodha hiyo huachwa hapo, kabla ya kufika kwa Falkirk. Wao, kwa pointi ile moja na mechi 8 ambazo hazikuchezwa, walikaa daraja la tatu hadi 2024.