Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Chumba

Kila likizo ya Agosti na ya Desemba ikikaribia, ndugu na marafiki wa bara hunitumia picha za hoteli za ufukweni pamoja na swali moja: hii inafaa kwa watoto? Kwa kuwa nimezaliwa Kisauni, Mombasa, wanadhani nina orodha ya majina. Ninayo, lakini siitoi kwanza. Kwanza nauliza wanakwenda tarehe ngapi, watoto wana umri gani, na ufuo wenyewe uko upande upi. Msimamo wangu ni huu, na sitauacha: mwenye watoto achague bahari kwanza, hoteli baadaye. Chumba kibaya utaomba kubadilishiwa. Bahari isiyowafaa wanao, hakuna meneja atakayekubadilishia.

Tazama zile picha. Maji ya buluu yamefika mpaka kwenye ngazi, minazi imeinama, mtoto ameshika boya. Picha hiyo imepigwa maji yakiwa yamejaa. Pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mahali penye sakafu ya bahari tambarare, kama Paje, Jambiani au Matemwe kule Unguja, maji ya bamvua huondoka yakaenda kilomita nzima au zaidi, hadi kwenye mwamba. Familia imesafiri kutoka Arusha au Nakuru, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, wanatoka nje wanakuta mchanga, mwani, na kina mama wa kijiji wakishughulikia mashamba yao ya mwani mahali ambapo wao walitarajia mawimbi. Mapokezi wanaambiwa maji yatarudi jioni. Hapo ndipo lawama zinapoanza, na hoteli haina kosa.

Watu wa pwani hatuhitaji programu ya simu kulijua hili. Tunatazama mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na kumi na tano za kalenda ya Kiislamu, na nguvu yake huonekana zaidi siku moja au mbili baadaye. Siku hizo, Mombasa na Unguja, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja unaingia kwenye maji mafu: bahari haiendi mbali, haijai sana, na saa za katikati ya asubuhi kuna maji ya kutosha kuchezea. Kwa hiyo mzazi mwenye kalenda ya ukutani inayoonyesha mwezi anaweza kupanga likizo yake akiwa Nairobi au Dodoma, bila kumuuliza mtu yeyote.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi hunipinga. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi sita, maji ya kupwa ni neema. Nilikuwa Jambiani na familia ya shemeji yangu, na asubuhi ya kwanza watu wazima walinuna kwa sababu bahari ilikuwa imekwenda. Watoto hawakununa hata kidogo. Mchangani yalikuwa yamebaki madimbwi ya maji ya vuguvugu, kina cha kifundo cha mguu, na ndani yake mlikuwa na kiti cha pweza mwekundu, yule mnyama mwenye umbo la nyota, majongoo wa bahari, na vikaa vidogo vilivyokuwa vikikimbilia mashimoni. Mdogo wao alichuchumaa kwenye dimbwi moja muda mrefu, akihama tu pale jua lilipomzunguka. Alipita mzee mmoja na mshipi wake wa kuvulia begani, tukamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Watoto wavalisheni viatu. Na yule mdudu mwekundu asitolewe majini, atakufa."

Maneno hayo mawili yana faida kuliko vijitabu vingi vya hotelini. Viatu vya mpira vya kuingilia majini ni vya lazima, maana penye mwamba kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu, na mwiba ukiingia kisiginoni mwa mtoto likizo imekwisha. Na kiti cha pweza tumwache majini. Huniuma kuona waongoza mashua wakiwatoa ili watalii wapige picha, kisha watoto wetu wakaiga.

Hatari ya maji ya kupwa ni nyingine, nayo ni kurudi kwake. Diani na Watamu, pwani ya Kenya, watu hupenda kutembea mpaka kwenye fungu la mchanga huko mbele. Maji yakianza kujaa, mkondo ulio kati ya fungu na ufuo hujaa kwanza, nyuma ya mgongo wako, wakati miguuni bado ni pakavu. Mwenye mtoto ageuke mapema, asisubiri kuona maji yakimfuata. Vivyo hivyo kwenye mlango wa mwamba, pale mwamba ulipokatika na ngalawa hupita: maji yanapotoka, huvuta kuelekea bahari kuu. Ukifika hotelini, swali la kwanza kwa mhudumu yeyote mzaliwa wa hapo liwe mlango uko wapi. Atakuonyesha kwa kidole.

Pepo nazo zina neno lao. Likizo ya Agosti ya Kenya na ile ya Juni ya Tanzania zinaangukia msimu wa kusi, yaani upepo utokao kusini. Mashariki ya Unguja hupigwa upepo, jambo linalowapendeza wacheza kaiti wa Paje kuliko mama mwenye mtoto mchanga. Miezi hiyo majani ya bahari hurundikana kwenye baadhi ya fuo za Kenya pia. Si uchafu, lakini hunuka, na mtoto mwenye kinyaa atagoma kukanyaga. Kendwa, upande wa kaskazini magharibi wa Unguja, hukingwa na kusi na maji hayaendi mbali, ndiyo maana napenda kuwaelekeza watu huko Juni na Agosti. Likizo ya Aprili huangukia masika. Bei hushuka, ni kweli, ila watoto wanaweza kushinda chumbani siku nzima mvua ikinyesha, na Malindi mto Sabaki humwaga tope baharini mpaka maji yakageuka kahawia.

Tuje kwenye bwawa, na hapa sitakuwa mpole. Wazazi wengi huiogopa bahari wakaliamini bwawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Mtoto anayezama hapigi kelele. Kinywa chake kinatafuta hewa, hakina nafasi ya kuita. Anaweza kupotea mita mbili kutoka kwenye meza unayonywea chai.

Hoteli moja niliyolala pwani ya kusini ilijitangaza kuwa ya familia. Bwawa la watoto na la wakubwa vilitenganishwa na ukingo mdogo uliokuwa chini ya maji, hivyo ukiwa mbali ungedhani ni bwawa moja. Upande mmoja maji yalifika kiunoni mwa mtoto, upande wa pili yalimzidi mtu mzima. Kina kiliandikwa mahali pamoja tu, na maandishi yenyewe yalikuwa yamefunikwa na kiti. Kijana aliyevaa fulana ya mwokoaji ndiye aliyekuwa akigawa taulo na kupeleka soda mezani. Simlaumu yeye. Alikuwa amepewa kazi tatu, na mojawapo haikubali kuchanganywa na nyingine. Sisi tulipanga zamu: mtu mzima mmoja, simu mfukoni, macho majini, na hakuna kuondoka mpaka umwambie mwenzako kwa mdomo, "sasa ni wewe."

Tangu hapo, ninapopiga simu hotelini nauliza mambo ya bwawa kabla ya bei. Lina uzio? Geti linajifunga lenyewe? Mwokoaji yuko saa ngapi mpaka saa ngapi, na ana kazi gani nyingine? Kama kuna safari za mashua, jaketi za kuelea za saizi ya mtoto zipo, au ni zile za watu wazima zinazompita kichwani? Anayejibu kwa haraka na kwa uhakika amenishawishi kuliko picha yoyote. Anayesema "usijali mama, kwetu ni salama" namshukuru, nakata simu.

Kuna maswali mengine ambayo tovuti za wageni hazitakufundisha kuuliza, kwa sababu familia zetu husafiri kwa namna yao. Mama anayeogelea na nguo ndefu ataruhusiwa bwawani? Baadhi ya hoteli hukataa, na ni fedheha kubwa kukatazwa mbele ya wanao. Dada anayewalea watoto atalala wapi, na atatozwa kama mgeni kamili? Mimi naona mtu anayelea watoto wako anastahili kitanda na chakula kilekile, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Na bibi, kama anakuja, ataweza kufika majini? Sehemu nyingine hoteli iko juu ya jabali na ufuo uko chini ya ngazi nyingi. Bibi atakaa juu siku zote akiwatazama wajukuu kwa mbali, na hiyo si likizo yake.

Bei nitaipitia upesi. Kama unaishi nchini, uliza bei ya wakazi. Uliza pia utoto unaishia miaka mingapi kwao, maana mahali pengi mwenye miaka kumi na miwili au kumi na mitatu hulipa kama mtu mzima, na pata jibu hilo kwa maandishi.

Jambo ninalolitamani zaidi ni hoteli isiyowafungia watoto ndani ya ukuta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaiweka ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Ufuo si wa hoteli. Ni wa watoto wa kijiji pia, na jioni utawakuta wakicheza mpira wa matambara kwenye mchanga mgumu. Waache wanao waingie kwenye mchezo. Watajifunza kusoma mawimbi kutoka kwa wenzao, na watazungumza Kiswahili cha pwani mpaka urudi nao nyumbani. Hoteli yenye mlinzi anayewafukuza watoto wa kijiji, mimi siwapeleki wangu.

Diani ina kitu kingine cha kuwafurahisha: kima na mbega. Juu ya barabara kuu zimefungwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, na watoto wangu wanaweza kusimama chini wakisubiri mmoja apite. Lakini kima wa hotelini atanyakua chapati kutoka kwenye sahani ya mtoto, tena kwa adabu mbaya. Msiwalishe, hata mtoto akilia.

Kwa Desemba hii, mwenye watoto wadogo namwelekeza Diani upande wa Galu, ambako mchanga ni mpana na mwamba huvunja mawimbi mbali. Wenye watoto wakubwa wanaojua kuogelea waende Watamu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, wakavae miwani ya kuzamia na kutazama samaki kwenye matumbawe. Tazameni mwezi, chagueni wiki, kisha pigeni simu. Ombeni chumba cha chini chenye kivuli na chandarua, na kama mna mtoto mchanga agizeni kitanda chake siku hiyohiyo, maana hotelini vitanda vya watoto huwa vichache na huisha kabla ya vyumba.