Tuma na ya Kutolea

Leo alfajiri, hata uso sijanawa, simu imelia mlio wa ujumbe. Kwa umri wangu, ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi una habari mbili tu: msiba, au mchango wa msiba. Nikavaa miwani kwa heshima zote. Nikasoma: "Shikamoo mzee. Gari bado inanuka, nimeosha mara tatu, abiria wanashuka. Nitumie elfu thelathini na ya kutolea."

Ile shikamoo ndiyo iliyoniuma. Mtu anakuamkia kwa adabu, kumbe anapima kina cha mfuko. Na hiyo ya kutolea, yaani ada ya kuitoa hela kwa wakala! Yaani nikabwe, halafu nimpe aliyenikaba nauli ya kurudia kwao.

Nimemwonyesha mama watoto. Amesoma huku anamenya ndizi, akasema, "Si ulipe tu tuishi kwa amani?" Amani! Mdogo wake ndiye aliyeanzisha vita hii, Jumapili akapanda basi la asubuhi kurudi Dar, mimi nikabaki na majeruhi.

Shemeji yangu huyu alipiga simu wiki iliyopita. "Shem, nakuja. Safari hii sitaki mambo ya kukaa baa. Nataka nione asili yetu, vile vijiji vya kihistoria, halafu tumalizie kwa wavuvi tule samaki aliyetoka majini sasa hivi. Tafuta gari praiveti, siku moja tu. Tutachangiana." Hilo neno tutachangiana nalisikia tangu siku ya mahari. Sijawahi kulishika mkononi.

Mimi ni Mpare wa Ugweno, nimeoa Old Moshi, naishi Majengo hapa Moshi mjini. Nasema mapema ili watani wangu wamalize kucheka tuendelee. Ndiyo, najua, Mpare anauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Kwani kuku alikuwa wa nani? Kwa hiyo na dereva, huyuhuyu wa ujumbe, nilipatana kikamilifu: laki na nusu, siku nzima, mafuta juu yake, gari letu peke yetu. Neno praiveti nililisema mara tatu, nikamwambia naye alirudie nimsikie. Akalirudia vizuri kabisa.

Jumamosi saa moja Noah ikapaki mlangoni. Kiti cha mbele kimekaliwa na kijana anakula karanga. "Huyu mdogo wangu, mzee, anashukia Himo."

Himo tulifika saa nane mchana. Maana tulianza kupanda Old Moshi, tukateremka, tukapanda Marangu, tukateremka, na yule kijana historia yote kaizunguka bure. Na ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko sisi tuliolipa.

Old Moshi tulipandia Kiboriloni mpaka Tsudunyi, pale kwenye mti wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi. Mzee mmoja wa pale akatueleza taratibu, kofia mkononi: kwamba tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi hapa yeye na wenzake, jumla watu 19, na kichwa chake wakaondoka nacho kwenda kwao, na mpaka leo ukoo unakitafuta huko Ujerumani haujakipata. Nywele zilinisimama, sitanii. Pakawa kimya, unasikia maji tu ya mfereji. Ndipo shemeji akanipa simu: "Shem, nipige hapa nionekane nina uchungu." Nikampiga. Akaangalia, akasema uchungu haujatoka vizuri, turudie.

Nilipoona aibu imezidi nikajaribu kuokoa heshima ya msafara. Nikamwambia mzee, "Na hiyo mikuki ya Wachagga, mzee wangu, chuma chake kilitoka kwetu Ugweno, kwa wafua chuma wa ukoo wa Washana." Akanitazama juu mpaka chini. "Mliuza au mlikopesha? Maana kama mlikopesha, mangi, naona leo umekuja na hati ya mahakama."

Marangu tulipita. Ndiko kwao Yohani Kinyala Lauwo, anayesifiwa kumwongoza Mjerumani Hans Meyer kupanda mlima Kilimanjaro mwaka 1889, na njia nzima nilijiuliza kama Meyer naye alianza kwa kusema tutachangiana. Tukaingia pango ambalo Wachagga walilichimba wajifiche na ng'ombe wao Wamasai wasiwapore. Kwenye kiingilio pochi ya shemeji ilikuwa ndani ya begi, begi ndani ya gari, na funguo za gari kwa dereva, na dereva kwenye supu. Laiti na mimi ningekuwa na pango langu.

Sasa Himo. Kijana anapaswa kushuka. Anasema, "Kaka, si mnaenda kula samaki?" Akabaki. Hapohapo Njia Panda mama mmoja akaingiza mikungu miwili ya ndizi nyuma, kisha akajiingiza mwenyewe. "Nisogezeni Mwanga tu baba zangu, Mungu atawalipa." Mungu sijui, ila dereva alilipwa pale pale, noti nimeiona inaingia mfukoni. Nikamwuliza, hii ndiyo praiveti? Akajibu bila kugeuka, "Mzee, huyu si abiria. Huyu ni jirani."

Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na jambo langu moja tu siku ile. Nilikuwa nimempigia shangazi yangu Ugweno. Nikamwambia Jumamosi tunapita, naleta wageni, tutakula kwako. Mama wa miaka sabini na kitu ameamka usiku kuinjika makande. Ratiba nzima niliikubali kwa ajili ya kipande hicho, nionekane na mimi nina kijiji, nacho kina historia. Tumefika usawa wa ile milima, naiona ile pale, namwambia dereva akate kushoto, shemeji anatazama saa: "Shem, tukipanda huko wavuvi watafunga. Ugweno tutaiona siku nyingine, milima haihami."

Milima haihami! Ya kwao ilihama? Kwao tumekaa mpaka uchungu ukatoka vizuri kwenye picha! Nimelipa mimi, nimevumilia karanga, nimevumilia ndizi, halafu kijiji kinachorukwa ni changu. Nilitaka kusema hayo yote. Simu ikaita. "Mwanangu, mmefika wapi?" Nikasema, "Tuko njiani, shangazi." Na kweli tulikuwa njiani. Sikusema njia ipi.

Basi tukafika bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata. Jua la kule si jua, ni hukumu. Ukitoka Moshi kwenye migomba unadhani umevuka nchi: vumbi, migunga, mbuzi wamesimama kwenye kivuli cha mbuzi wenzao. Bwawa lenyewe lilikamilika mwaka 1965, maji ya Kikuletwa na Ruvu yanakutana humo kisha yanatoka kwa jina la Pangani, na umeme megawati 8 unazalishwa hapo. Nilikuwa nawaeleza hayo kwa sauti ya ualimu, shemeji akauliza kwa nini paitwe Nyumba ya Mungu. Dereva akasema, "Ukifika hapa lazima usali."

Mwaloni kulikuwa na mitumbwi imelala, nyavu zimeanikwa, na mama mmoja amekalia ndoo iliyopinduliwa. Shemeji akamwendea kifua mbele. "Mama, tunataka perege wabichi."

"Perege wameisha tangu asubuhi. Wametangulia."

"Wametangulia wapi?"

"Moshi, sokoni. Nyie mmetoka wapi?"

Kimya.

"Mngekaa kwenu mngewakuta," akasema yule mama, kwa huruma kabisa.

Walikuwepo kambale. Watatu, wakubwa, masharubu kama wazee wa baraza, wanahema ndani ya beseni lisilo na maji. Kambale ana namna yake ya kuvuta hewa, anaweza kukaa nje muda mrefu akikutazama tu. Shemeji akawapenda. Nikauliza bei.

"Elfu ishirini na tano wote."

"Kumi na tano."

Akanitazama. Akaacha kupunga kanga. "Baba, wewe Mpare?"

"Wa Ugweno."

"Mimi wa Usangi!"

Jamani, moyo wangu ulifunguka. Nikajua leo nimefika nyumbani, bei itaanguka kama embe bivu. Tukaulizana koo, tukakuta mjomba wake na baba mkubwa wangu waliwahi kudaiana shamba. Tukacheka, tukashikana mikono. Nikasema, "Haya dada, sasa bei ya ndugu."

"Elfu ishirini na sita."

"Imepanda!"

"Ndugu yangu hawezi kunipunja."

Hapo ndipo ilipoanza. Wasiotujua walidhani tunagombana. Hatukugombana, tulikuwa tunaheshimiana kwa ukamilifu wake. Nilipanda kwa mia tano, naye akashuka kwa mia mbili. Nilipoondoka hatua kumi hakuniita. Niliporudi hakushangaa. Nikamwonyesha kambale mmoja jicho limefifia, akasema hata wewe limefifia na umeoa. Watu wakaanza kujaa. Mvuvi mmoja akaacha kushona wavu akaketi. Yule mdogo wa dereva akajifanya wakili wangu, baada ya dakika kumi nikamkuta upande wa pili, ananyonya muwa wa yule mama. Mwenye genge akaleta chai akatuuzia. Mzee mmoja akapendekeza suala liende kwa balozi wa nyumba kumi, sote wawili tukaafiki papo hapo, tukawa tunatafuta balozi yuko wapi, ndipo shemeji akalia, maskini, karibu machozi: "Shem, ni elfu mbili tu mnabishania! Saa nzima! Nitaitoa mimi!"

Watu wote wakageuka. Nikamwambia toa.

Akapapasa mfukoni. Pochi ilikuwa ndani ya begi.

Tukapatana ishirini na moja na mia tano. Nikatoa ishirini na mbili, chenji hana. "Mia tano yako utaikuta siku ukija." Nikamwambia nitakuja. Akasema najua utakuja. Hivyo ndivyo watu wawili wanaojuana wanavyoagana.

Kambale wakatiwa kwenye kiroba kilicholowa, kiroba nyuma ya kiti. Jua limeshazama, tumeingia lami, ndani ya gari kimya, kila mtu na yake. Ghafla shemeji akapiga ukelele ambao mtu mzima hapaswi kuupiga: "Nyoka!" Dereva akakanyaga breki tukabusu vioo. Milango ikafunguka yote kwa pamoja, tukajikuta tumesimama barabarani kama watu wa sensa. Tochi za simu zikamulika. Masharubu yakachomoza chini ya kiti. Kiroba kilikuwa kimefunguka, wazee wa baraza wametoka kunyoosha miguu.

Mmoja alikamatwa na yule kijana kwa mikono mitupu, hapo nilimsamehe karanga zote. Wa pili alikuwa amejiviringisha kwenye spea. Lori nyuma yetu linapiga honi, dereva anatukana, shemeji anakataa kuingia. Tukafunga kiroba kwa kamba ya kiatu tukaondoka.

Sasa nisikilizeni vizuri, na msiende kusema. Nilinunua kambale watatu. Nyumbani nilimwaga kiroba kwenye beseni, wakatoka wawili.

Sikusema kitu. Ningesema nini usiku ule? Nilidhani aliyebaki ametokea mlangoni, yuko porini anaanza maisha. Lakini leo ni Jumatano, na gari limeoshwa mara tatu, na abiria wanashuka. Nadhani sasa mnajua ninachojua. Kama kambale wangu yuko chini ya kapeti la ile Noah, basi tuongee kisheria. Huyo ni mali yangu. Nimemlipia elfu saba na ushee, siku ya nne anakaa na dereva bila idhini yangu. Elfu thelathini toa saba. Toa nauli ya mama wa ndizi, ambayo ni yangu, kwa kuwa gari lilikuwa langu siku ile. Toa viti viwili alivyokalia mdogo wake, maana hakukaa, alijitandaza. Nikimaliza hesabu nitamwandikia tuone nani anamtumia nani. Ukoo mzima kule Old Moshi unangoja kichwa cha mzee wao tangu 1900, yeye hawezi kungoja hata mwisho wa mwezi?

Wale wawili walionusurika bado wako uani kwenye beseni. Nilitaka wapikwe Jumapili, watoto wakagoma, wameshawapa majina. Wanakula ugali wangu. Jana mmoja wao nimemkuta njiani kuelekea choo, saa tano usiku, tukapishana. Paka wa jirani hakanyagi tena kwetu, hilo nakiri ni faida.

Ngoja, simu tena. Huyu dereva hana haya.

Siye. Ni shangazi. Ameandika mwenyewe, neno kwa neno: "Mwanangu shikamana na Mungu. Yale makande mahindi kilo mbili, maharage kilo moja na nusu, mafuta, kitunguu, kuni, na mtoto wa kuyachanganya. Jumla elfu kumi na nne. Nitumie na ya kutolea."

Damu ya Ugweno hiyo. Kwa huyu sina hoja.

Hivi elfu kumi na nne, ya kutolea inakuwa ngapi?