Kabla ya Kusifia Jipsamu, Angalia Kalavati

Dalali wa Goba, Madale au Kibamba atakuanzishia sebuleni: jipsamu, marumaru, makabati ya jikoni. Mwache aongee, ila akili yako iwe nje ya geti. Kwa maoni yangu, nyumba nyingi za familia pembezoni mwa Dar es Salaam zinauzwa au kupangishwa kwa bei inayoficha gharama za mtaa.

Chukua usafiri. Tuseme nyumba iko kilometa 3 kutoka lami na bodaboda ni shilingi 1,500. Watu wazima wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 156,000. Watoto wa shule hawamo. Fedha hiyo ingeongezwa kwenye kodi, huenda mngekaa jirani na kituo cha daladala. Na hiyo ni bei ya kiangazi.

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo yenye ukweli. Nenda kuiona nyumba Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Kalavati, yaani mfereji wa kupitisha maji chini ya barabara, likiwa limejaa mchanga, maji yatapita juu ya barabara na kuichimba. Tazama pia kuta za majirani: mstari wa tope unaonyesha maji yalifikia wapi. Palipo na mto, pima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, hata kama muuzaji anaapa kwamba mjumbe anamfahamu.

Kuhusu maji, usiulize kama yapo, utajibiwa yapo. Uliza yanatoka siku gani, na umuulize jirani, si dalali. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 40, inamaliza lita 200 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 linakauka siku ya tano. Mtaa unaopata mgao mara moja kwa wiki unahitaji la lita 2,000, la sivyo utakuwa mteja wa maboza. Kama ni kisima, onja. Maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni, huacha ukoko mweupe kwenye koki na hula hita ya bafuni.

Shimo la maji taka halionyeshwi na mtu, na ndilo la kuulizia kwanza. Udongo wa mfinyanzi haunywi maji. Shimo litajaa upesi, na gari la kunyonya lisipoweza kupita uchochoroni, tatizo linabaki uani kwako. Kisima kikiwa chini ya mita 30 kutoka shimoni, lako au la jirani, maji yake yasinywewe bila kupimwa.

Genge na duka vitakufuata vyenyewe watu wakiongezeka. Zahanati haikufuati: jua iliyo karibu inafunga saa ngapi.

Rudi tena saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa unapika na kuangalia televisheni. Washa taa zote, kisha pampu au pasi. Taa zikififia, umeme ni mdogo na friji itateseka. Mwambie mwenye nyumba akupunguzie hela ya kununua stebilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme.