Shakwe mgeni Matema: piga picha ya bawa, uso baadaye

Picha ya kichwa cha shakwe, hata iwe safi namna gani, mara nyingi haitoshi kuthibitisha mgeni, yaani shakwe wa aina isiyo ya kawaida hapo. Ukiwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ukamwona asiyefanana na wenzake, vizia bawa likiwa wazi, juu na chini.

Anza kwa kumtilia shaka. Mwenyeji wa Ziwa Nyasa ni shakwe kichwa-kijivu, na mtoto wake ndiye anayewaponza watu. Mkubwa ana jicho la rangi hafifu. Mtoto ana jicho jeusi na doa sikioni, basi mtu anakimbilia kumtangaza shakwe kichwa-cheusi kutoka Ulaya. Bawa humaliza ubishi: la kichwa-kijivu, kwa chini, ni kijivu kizito karibu lote. Kichwa-cheusi mkubwa ana weupe mrefu ukingoni mwa mbele, na ncha zake nyeusi hazina yale madoa meupe ya mwenyeji.

Shakwe wa Franklin, anayezaliana Amerika Kaskazini na ambaye ameshaonekana Afrika Kusini, adaiwe ushahidi zaidi: mgongo wa kijivu kilichokolea, kofia nusu nyeusi kisogoni, weupe mnene juu na chini ya jicho, na kwa mkubwa, mstari mweupe unaotenga kijivu cha bawa na weusi wa ncha. Kikikosekana kimoja, angalia kwanza umri wake na kama anabadilisha manyoya.

Rangi ya mgongo ni mwongo mkubwa. Jua kali juu ya maji huipausha. Punguza mwanga wa kamera kidogo na utumie kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi. Kisha mlinganishe na shakwe aliye jirani yake ndani ya picha hiyohiyo, si na mchoro wa kitabuni. Mitumbwi ya wavuvi wa usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, inaporudi ndipo utawapata pamoja.

Maelezo yaandikwe kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu ukishasoma utaona hata yasiyokuwepo: tarehe, saa, mahali, umbali, jua lilikuwa upande gani, rangi ya mdomo na miguu. Picha asili zitunze zote. Zilizopitia WhatsApp zimeshabanwa. Kwa kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki tuma hata zile zenye ukungu, kama bawa linaonekana. Na ukibaki njia panda, andika tu "shakwe, aina haijajulikana". Hiyo nayo ni rekodi halali.