Beji za marubani wa kivita: fremu au jaketi?

Wakusanyaji wa beji za kitambaa za vikosi vya ndege za kivita hawajawahi kukubaliana juu ya jaketi kuukuu lenye beji yake: ifumuliwe iwekwe kwenye fremu, au ibaki iliposhonwa?

Wanaofumua wana hoja. Jaketi la ngozi la A-2, walilovaa marubani wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hula nafasi, na ngozi yake hukauka na kupasuka. Beji peke yake hutosha kwenye droo. Tena nembo zikipangwa pamoja, mtu huona mkondo mzima wa sanaa hii, kuanzia kofia ndani ya duara ya Kikosi cha 94 cha Marekani mwaka 1918 hadi simbamarara mwenye mabawa waliyemchora wasanii wa Disney kwa ajili ya Flying Tigers, Wamarekani waliopigana China. Studio hiyo ilivichorea vikosi nembo zaidi ya 1,000 wakati wa vita, bila malipo. Jaketi moja haliwezi kukuonyesha hayo.

Ila jaketi lina ushahidi: jina la rubani kifuani, uzi uliochakaa sawasawa na ngozi, matundu ya beji iliyotangulia. Ukishafumua, umebaki na kitambaa kisicho na mwenyewe, na hapo ndipo wauza bandia hujipenyeza. Chukua beji za vita vya Vietnam, kama zile za marubani waliotimiza safari 100 juu ya Vietnam Kaskazini. Nyingi zilishonwa na mafundi cherehani wa Thailand karibu na kambi za ndege walizotumia Wamarekani, na miundo ile ile imeendelea kushonwa kwa ajili ya wanunuzi. Cherehani ya aina moja, uzi wa aina moja: jicho litatofautisha nini?

Kwa beji za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi hukimbilia taa ya urujuanimno (UV), kwa kuwa kemikali za kung'arisha nguo zilienea baada ya 1945, na uzi wenye kemikali hizo huwaka chini ya taa. Sawa, lakini beji halisi iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo huwaka. Taa huzua shaka tu, haitoi hukumu.

Kwa beji za leo ubishi huu hauna uzito. Hubandikwa kwa velkro, na marubani wenyewe hubadilishana. Mwaka 2023 picha ya rubani wa Taiwan mwenye beji ya dubu mweusi akimtwanga ngumi Winnie the Pooh, kikaragosi anachofananishwa nacho Rais Xi Jinping wa China, iliwafanya raia waigombanie dukani. Ilikuwa kazi ya mbunifu binafsi, kwa hiyo ya rubani na ya raia zimetoka mkono mmoja. (Fremu inaistahili kabisa.)

Msimamo wangu: iliyoshonwa iachwe, ya velkro itundikwe, mbali na jua. Kioo cha kuzuia urujuanimno hupunguza kufifia, hakikomeshi. Mwanga wa kawaida nao hula rangi, ndiyo maana makumbusho mengi huonyesha vitambaa katika mwanga hafifu wa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi. Iliyokwisha kufumuliwa isigundishwe kwa gundi, na karatasi inayosema ilitoka kwa nani na kwenye vazi gani ikae nayo daima, hata inapouzwa.