Sukari ya bibi na mawe ya mjomba

Mjomba alikuwa na seti tatu za mawe ya mizani. Ya kwanza ilikaa juu ya kaunta siku zote, ya kuuzia. Yale mawe huwa na kitundu kilichozibwa kwa risasi, na juu ya risasi hiyo ndipo mkaguzi wa vipimo anapogonga muhuri. Mjomba alikuwa ameikwangua kwa bisibisi, kidogo kidogo, hadi jiwe la nusu kilo likapungua kama gramu 40. Seti ya pili ilikaa chini ya kaunta, ya kununulia maharage ya wakulima, nayo ilikuwa imeongezwa uzito kwa vipande vya chuma. Ya tatu ilikuwa safi kabisa, imeviringishwa kitambaa cha kijani, ikimsubiri mkaguzi. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. La tatu nadhani Musa hakuwahi kuliwazia.

Nilikuwa na miaka 14, natumwa dukani kila nikitoka shule. Jumamosi alikuwa akija bibi mmoja jirani yetu, hela kaifunga kwenye pindo la khanga. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Nipimie nusu ya sukari, na unipimie vizuri." Neno lile la mwisho alilisema kila mara, bila ukali, kama mtu anavyosema "siku njema". Mimi nilikuwa nasokota gazeti pembe, namimina sukari, nangoja sahani zilingane, na muda wote huo masikio yananichoma. Sikumtazama usoni. Niliyatazama yale mafundo ya vidole vyake yakihangaika kufungua pindo.

Hakuna aliyekuwa amenifundisha Warumi 2 wakati ule. Baadaye niliposoma kwamba hata watu wasio na torati wana kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni, "dhamiri yao ikiwashuhudia", sikuhitaji mwalimu wa kunieleza. Nilikumbuka masikio. Augustino, yule askofu wa Hippo aliyezaliwa Thagaste, huko ambako leo ni Algeria, aliandika jambo hilo kwa namna ninayoipenda kuliko zote: sheria ya kukataza wizi imeandikwa moyoni hata mwa mwizi, kwa sababu hakuna mwizi anayevumilia kuibiwa. Mjomba mwenyewe aliwahi kugombana na msambazaji wa jumla hadi watu wakajaa dukani, kisa mfuko wa sukari ulikuja pungufu. Alikuwa anatetemeka kwa hasira ya haki. Sheria aliijua vizuri sana.

Kwa hiyo wale wanaosema maadili ni mazoea tu ya jamii hawanisumbui sana. Ninaogopa zaidi kile kilichofuata pale dukani: baada ya miezi mitatu hivi masikio yaliacha kuchoma. Sikuamua yaache. Yaliacha tu. Nikawa nampimia bibi huku nasikiliza mpira redioni. Paulo anamwandikia Timotheo juu ya watu waliochomwa moto dhamiri zao, na wahubiri wengi wakifika hapo wanawataja wauaji na wachawi. Mimi nadhani kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa bisibisi: unakwangua leo punje, kesho punje, na jiwe kwa nje bado linaonekana jiwe.

Nikiwa na miaka 17 niliokoka. Ulikuwa mkutano wa injili wa uwanjani. Mhubiri alizungumza juu ya hukumu na ziwa la moto mpaka wengine wakaanguka, na mimi nikapita mbele nikilia machozi ya kweli. Niliombewa, nikaandikwa jina kwenye daftari, nikapewa ratiba ya mafundisho. Katika mafundisho yale ya wiki sita niliulizwa kama nimeacha pombe (sikuwa nimewahi kunywa), kama nina hirizi, kama nina rafiki wa kike. Hakuna aliyeuliza, "Kuna mtu unadaiwa naye?"

Hapo ndipo ugomvi wangu na mahubiri yetu unapoanzia. Tumeifanya hukumu ya Mungu kuwa jambo kati ya mimi na Yeye, na aliyeibiwa tumemwacha nje ya mlango. Torati haikufanya hivyo. Mambo ya Walawi 6 inataja waliodhulumu wenzao au kuapa kwa uongo, na amri yake ina utaratibu: kwanza urudishe kitu chenyewe, uongeze sehemu ya tano, umpe mwenyewe, kisha ndipo ulete kondoo wa sadaka ya hatia. Mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Yesu analishika hilohilo katika Mathayo 5: iache sadaka yako pale pale, nenda ukapatane na ndugu yako kwanza. Kwetu siku hizi utaratibu umegeuka. Madhabahu kwanza, tena kwa bahasha nene, na mwenye mali akikutana nawe njiani anaambiwa wewe umeshasamehewa kwa niaba yake.

Huyo huyo Augustino, akimwandikia Macedonius, mtawala wa Kirumi katika Afrika, alisema dhambi haisamehewi kitu kilichochukuliwa kisiporudishwa. Akaongeza kwamba kama kinaweza kurudishwa na mtu harudishi, basi hatubu, anaigiza kutubu.

Najua nitakachoambiwa. Mimi ni Mlutheri, neema nimenyonyeshwa. Mtu haokolewi kwa kulipa madeni, na yule mnyang'anyi msalabani aliingia peponi bila kurudisha hata shilingi. Sawa. Ila mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Wengi wetu mikono yetu iko huru, inapiga makofi. Na Zakayo, ambaye mikono yake ilikuwa huru, hakuambiwa alipe. Yesu alijikaribisha tu nyumbani kwake, halafu mwenyewe akasimama: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Neema ilimfikia ikamfungulia sanduku la fedha.

Wazee wetu huku Kagera walilijua hili kuliko sisi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza kuwaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi, Mganda, na Dakta Joe Church, mmisionari Mwingereza, kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, uliingia Tanganyika kupitia kwetu huku. Tunaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza na kwa watu kuungama hadharani. Tunasahau upande wake wa pili, wenye gharama: mlokole alikuwa anarudisha. Watu walitembea kwa miguu kumpelekea mwajiri shuka la hospitali waliloiba, au kumlipa jirani mbuzi aliyeliwa zamani. Walikuwa na kasoro zao, tena nyingi. Kuungama kuligeuka mashindano, na asiyelia alionekana hajaokoka. Lakini ukimwuliza mtu wa wakati ule kama fulani ameokoka kweli, kipimo kimoja kilikuwa ni kama vitu vya watu vimerudi.

Na siwezi kuutaja Uamsho wa Gahini nikaruka mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Nchi ile ile, iliyojaa makanisa, watu waliuawa ndani ya makanisa yenyewe, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Sina la kusema juu ya hilo linalotosha, ila moja: dhamiri ya taifa zima inaweza kukwanguliwa, na kwaya isikose hata Jumapili moja. Baadaye, mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya kijiji yaliyosikiliza kesi za mauaji hayo, zilipoenea nchi nzima kuanzia 2005 hadi zilipofungwa 2012, kesi nyingi kati ya zilizosikilizwa zilihusu mali: ng'ombe, mabati, milango iliyong'olewa. Makosa hayo hayakuwa na kifungo, ila kulipa. Na kulipa ndiko kulikokwama mara nyingi. Kuomba msamaha mbele ya kijiji, hata kwa aibu yake yote, kuliwezekana kuliko kupeleka mabati.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema habari ya hukumu itolewe mimbarini kwa kuwa inatisha, najiuliza inamtisha nani. Katika Zaburi 98 mito inapiga makofi na milima inaimba, na sababu iliyotajwa ni kwamba Bwana anakuja kuihukumu nchi. Sikuielewa zaburi hiyo hadi nilipojaribu kuisoma nikiwa upande wa pili wa kaunta. Kwa anayepunjwa kila Jumamosi bila mahali pa kushtaki, habari kwamba kuna mtu anakuja na mawe yasiyokwanguliwa ni sababu ya kuimba. Ni mwenye duka ndiye angependa somo libadilishwe.

Lakini pia nimejifunza kutoiamini sana dhamiri yangu hata inapoamka. Ni shahidi mwaminifu, ila hesabu haijui. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hajui neno juu ya nafsi yake, lakini hahesabiwi haki kwa sababu hiyo. Anayemhukumu ni Bwana. Na katika Mathayo 25 wanaopelekwa mkono wa kushoto hawabishi kuwa waliiba au hawakuiba. Wanashangaa. "Ni lini tulipokuona?" Wameulizwa jambo ambalo halikuwamo kabisa kwenye daftari lao.

Hilo la mwisho sikulipata kwenye mahubiri.

Mwaka juzi nilirudi kijijini kwa msiba. Bibi yule alishafariki zamani, lakini binti yake, ambaye sasa naye ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, bado anaishi kwenye kiwanja kile kile. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku uliotangulia, kwenye simu. Gramu 40 kila Jumamosi, miaka mitatu, ni Jumamosi 156: kilo 6 na ushei. Nikaongeza sehemu ya tano kama Walawi inavyotaka, ikafika kilo saba na nusu. Kwa Sh 3,000 kwa kilo, 22,500. Nikazitia kwenye bahasha. Nakiri nilijisikia vizuri njiani, karibu nianze kuimba.

Nikamkuta anapepeta maharage uani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, vuta kigoda." Nikamweleza yote, jiwe, bisibisi, mama yake na pindo la khanga. Alinisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza akauweka ungo chini, akapangusa mikono, akaipokea bahasha. Akazitoa zile noti akazihesabu mbele yangu, taratibu, moja moja. Hakucheka, hakukasirika. Akazikunja, akazifunga kwenye pindo la khanga yake.

Kisha akauvuta ungo tena, akaniangalia.

"Na ya maharage?"