Mto Lwakhakha: jina moja au majina matatu?

Maji yanayoshuka Mlima Elgon na kupita Lwakhakha, wilayani Namisindwa, mashariki mwa Uganda, hubadilika jina njiani. Hapo mpakani na Kenya, mto ni Lwakhakha. Ukiteremka kuelekea Tororo unaitwa Malaba. Mbele zaidi unaingia Mpologoma, ambao humwaga maji Ziwa Kyoga. Wapo wanaotaka jina moja kutoka mlimani hadi ziwani, na hoja yao ina uzito.

Chukua mafuriko. Mvua kubwa inanyesha mlimani usiku. Kukipambazuka, maji ya Lwakhakha yamekuwa mekundu kwa udongo, yanakokota magogo, na pale akina mama walipovuka jana kwa kukunja gauni magotini hapapitiki tena. Mkulima wa mpunga kando ya Mpologoma, jua likimchoma, akisikia redioni kwamba Lwakhakha umefurika, atadhani ni habari za watu wa mlimani. Kumbe maji hayo yako njiani kwake.

Lakini jina lipi? Hapo ndipo ninaposita. Ukisema wote uitwe Malaba, umewapokonya Wamasaba wa juu jina la mto wanaochota kila siku. Ukisema Mpologoma, umepotosha jiografia, maana Mpologoma hupokea pia Manafwa, mto mwingine unaotoka Elgon. Tena Lwakhakha ni mto wa mpaka: Jedwali la Pili la Katiba ya 1995 linaeleza mpaka wa Uganda kwa kufuata mito, kwa hiyo Kampala haiwezi kujiamulia peke yake.

Na kuunganisha majina nako kuna hatari yake. Mipango ya nchi za Bonde la Nile huweka mito ya Sio, Malaba na Malakisi katika fungu moja. Asiyeijua sehemu hiyo atafikiri maji yote yanaelekea kumoja, ilhali Sio huingia Ziwa Victoria na Malaba huelekea Kyoga.

Kwangu mimi, majina yabaki kama wenyeji wanavyoyatumia. Kinachopaswa kubadilika ni ramani za shuleni na matangazo ya tahadhari: kila yanapoutaja Lwakhakha, yaseme papo hapo kwamba ndio Malaba, na kwamba unaingia Mpologoma. Tangazo lisomwe kwa Kimasaba, Kiteso, Kijopadhola na Kinyole, na kwa Kiswahili kwa ajili ya wachuuzi wa mpakani, tena usiku uleule mvua inaponyesha mlimani.